Kutoka Mshumaa hadi Thairista: Historia ya Kififishi na Hesabu ya Joto Lake

Utangulizi

Katika kila jumba la maonyesho, na siku hizi katika kumbi nyingi za mikutano na hoteli pia, kuna chumba kidogo ambacho watazamaji hawakioni. Ndani yake yamepangwa makabati ya chuma yenye vifaa vya kupunguza na kuongeza mwanga wa taa. Mhandisi anayechora jengo hilo hana budi kujiuliza swali moja kabla ukuta haujajengwa: chumba hiki kitapata joto kiasi gani? Jibu lake ndilo litakaloamua ukubwa wa kiyoyozi, upana wa tundu la hewa na, aghalabu, muda wa uhai wa vifaa vyenyewe.

Swali hilo laonekana kuwa la wahandisi peke yao. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba ni la wanaistilahi vilevile. Kifaa tunachokizungumzia kimebadili namna yake ya kufanya kazi mara kadhaa tangu karne ya 17, na kila kilipobadilika joto lake nalo lilibadilika: kiasi chake, wakati wake na mahali pake. Jina lililotungwa kwa kutazama namna moja tu ya kazi hiyo huweza kumpotosha mtu anayekadiria joto la namna nyingine. Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulisisitiza jambo hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe alipata kuwapotosha watu kwa njia hiyo, kama itakavyoelezwa mbele.

Kwa sasa kifaa hicho tutakiita kififishi, kutokana na kitenzi fifisha. Sababu za kulichagua jina hilo zitatolewa mwishoni. Aidha msomaji anaombwa kutofautisha maneno mawili. Joto ni nishati inayopita kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Halijoto ni kipimo cha umoto au ubaridi wa kitu, ambacho husomwa katika kipimajoto. Chumba chaweza kupokea joto dogo na halijoto yake ikapanda sana, endapo hakina njia ya kulitoa joto hilo.

Kufunika na kubana

Haja ya kufifisha mwanga ni kongwe kuliko umeme. Mwaka 1638 Nicola Sabbattini wa Italia alichapisha kitabu juu ya ufundi wa jukwaa. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni jinsi ya kutia giza jukwaani: mikebe ya bati ilining'inizwa kwa kamba juu ya mishumaa, na kamba zilipolegezwa mikebe ilishuka ikaifunika. Mshumaa uliofunikwa haukuzimika. Uliendelea kuyeyusha mafuta yake na kutoa joto, ila mwanga wake haukuwafikia tena watazamaji. Hiyo ndiyo namna ya kwanza, nayo yafaa kuitwa kufunika.

Namna ya pili ilikuja na gesi. Mwaka 1817 majumba ya maonyesho ya Lyceum na Drury Lane, jijini London, yalianza kutumia gesi kuangaza jukwaa. Baadaye mabomba ya taa zote yalikusanywa mahali pamoja penye valvu, hata mtu mmoja akaweza kufifisha taa za jukwaa zima. Alipoubana mkondo wa gesi, ndimi za moto zilifupika, gesi ikatumika kidogo, na joto nalo likapungua papo hapo. Gesi ambayo haikuhitajiwa ilibaki bombani. Valvu yenyewe haikupata moto kwa sababu ya kazi hiyo. Jambo hili dogo tulikumbuke, maana litarudi tena baada ya miaka 140.

Hata hivyo gesi ilikuwa na hatari zake. Tarehe 8 Desemba 1881 jumba la Ringtheater mjini Vienna liliteketea baada ya gesi kushika moto jukwaani, na watu zaidi ya 380 wakafa. Miezi miwili kabla ya msiba huo, tarehe 10 Oktoba, Richard D'Oyly Carte alikuwa amefungua Savoy Theatre jijini London. Jumba hilo liliwekwa taa za umeme zipatazo 1,200 zilizobuniwa na Joseph Swan, na kabla mwaka haujaisha hata jukwaa lake lilikuwa likiangazwa kwa umeme. Tangu hapo majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani yalianza kuihama gesi.

Kukinza

Umeme uliondoa moto wa wazi, lakini ulileta tatizo jipya. Taa ya umeme haina ulimi wa moto wa kubanwa. Njia iliyokuwa rahisi zaidi kwa mafundi wa wakati ule ni kuuwekea mkondo kizuizi njiani, yaani kikinza, ili taa ipate umeme mchache. Sheria ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kujulikana: mwaka 1841 James Prescott Joule alichapisha matokeo ya majaribio yake, akionyesha kwamba joto linalozalishwa katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo na kwa kadiri ya ukinzani wa waya huo. Kwa hiyo kila kinachouzuia mkondo kwa ukinzani hulipa kwa joto.

Katika miongo ya mwanzo kikinza hicho mara nyingi kilikuwa mtungi wa maji ya chumvi. Bamba moja la madini lilikaa chini ya mtungi, na la pili lilishushwa au kupandishwa kwa kamba. Mabamba yalipokaribiana mkondo ulipita kwa wingi. Yalipoachana maji yaliukinza, yakapata moto na hata kuchemka. Fundi alifanya kazi kati ya mvuke, na kila mara ilimbidi aongeze maji. Baadaye mitungi iliziacha nafasi zake kwa nyaya za ukinzani zilizozungushwa juu ya vigae au kufunikwa kwa enameli katika mabamba ya duara, zikiwa na mkono wa kuchagua kiasi cha waya kitakachopitiwa na mkondo.

Joto la kifaa cha namna hiyo lina tabia ambayo mkadiriaji hana budi kuielewa. Tuchukue taa ya wati 1,000 katika umeme wa volti 230. Taa ikiwaka kwa ukamilifu, kikinza chote kimerukwa na hakitoi joto. Taa ikiwa imezimwa, hakuna mkondo na hakuna joto. Joto hutokea katikati. Tukidhani kwamba ukinzani wa taa haubadiliki, joto huwa kubwa kuliko wakati wowote pale ukinzani wa kififishi unapolingana na ule wa taa. Hapo mkondo hupungua kutoka ampea 4.35 hadi 2.17, taa hupata wati 250, na kififishi huzigeuza wati nyingine 250 kuwa joto tupu. Katika hali halisi mambo ni mabaya zaidi. Uzi wa taa unapopoa kidogo ukinzani wake hupungua, kwa hiyo mkondo haushuki kama tulivyodhani, na kififishi cha taa ya wati 1,000 chaweza kutoa joto la zaidi ya wati 350.

Isitoshe, kikinza kilitengenezwa kwa taa ya kadiri maalumu. Kikinza cha wati 1,000 hakikuweza kuififisha taa ya wati 100 mpaka ifikie giza. Ilibidi taa nyingine iungwe nayo na kuwashwa mahali pasipoonekana, ili mkondo ukue na kikinza kifanye kazi yake. Umeme ulichomwa jukwaani, ukachomwa kwenye kififishi, na ukachomwa tena nyuma ya pazia. Mhandisi wa zama hizo aliyesema kwamba mwanga unaopungua ukumbini hugeuka kuwa joto chumbani alikuwa akisema kweli.

Kubadili na kukatakata

Katika miaka ya 1930 kampuni ya General Radio ya Marekani ilianza kuuza transfoma yenye mkono wa kuzungushwa, iliyopewa jina la Variac. Kifaa hicho hakikuuzuia umeme bali kilibadili volti zake, na taa ikapewa zile tu ilizozihitaji. Joto lililopotea lilikuwa dogo, na taa kubwa au ndogo zilififishwa sawasawa. Kasoro zake zilikuwa uzito, bei, na kule kuhitaji mkono wa mtu au mota ya kuuzungusha. Tena kisingeweza kutumika penye umeme wa mkondo mnyoofu, ambao wakati ule ulikuwa bado ukitumika katika miji kadhaa.

Mwaka 1947 George Izenour, katika Chuo Kikuu cha Yale, alionyesha mfumo wa kufifisha kwa kutumia valvu za elektroni ziitwazo thairatroni. Hapa ndipo lilipoingia wazo jipya. Umeme wa mkondo geu hupanda na kushuka kama wimbi. Wenye mizunguko 50 kwa sekunde una nusu-mawimbi 100 katika sekunde hiyo moja. Thairatroni ilikuwa kama mlango: ilifungwa mwanzoni mwa kila nusu-wimbi, ikafunguka baada ya kusubiri kidogo, na taa ikapata kipande kilichobaki. Kadiri mlango ulivyochelewa kufunguka ndivyo taa ilivyofifia. Uzi wa taa haukupata nafasi ya kupoa kati ya kipande na kipande, kwa hiyo jicho liliona mwanga uliotulia. Lakini valvu hizo zilihitaji kupashwa moto ndani yake ili zifanye kazi, nazo zilitoa joto hata taa zikiwa zimezimwa.

Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa thairista, yaani mlango wa namna ileile uliotengenezwa kwa silikoni. Haikuhitaji kupashwa moto, haikuwa na kioo cha kuvunjika, na ilikuwa ndogo kiasi cha kushikwa kwa vidole. Haukupita muda mrefu ikaingia katika majumba ya maonyesho. Mwaka 1961 Joel Spira na mkewe, Ruth, walianzisha kampuni ya Lutron huko Pennsylvania, na kififishi kidogo cha kutia katika ukuta wa nyumba kikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Kwa thairista historia yetu ilirudi penye valvu ya gesi. Umeme usiohitajiwa hauchomwi popote. Haukuchotwa tangu awali. Kinachobaki ni ushuru mdogo wa mlangoni. Kila mkondo unapopita katika thairista hupoteza volti moja hadi moja na nusu hivi, na upotevu huo ndio joto. Kwa taa yetu ya wati 1,000 ushuru huo haufiki wati saba.

Hesabu ya chumba cha leo

Pamoja na thairista huwekwa koili nene ya waya, inayouzuia mkondo usipande ghafula kila mlango unapofunguka; la sivyo nyuzi za taa hulia na vyombo vya sauti hupata kelele. Koili hiyo nayo hupata moto. Ndiyo maana wahandisi hukadiria joto lote la vififishi vya thairista kuwa asilimia 2 hadi 3 ya mzigo wa taa, isipokuwa pale mtengenezaji alipotoa tarakimu yake mwenyewe. Mzigo unaokusudiwa ni wa taa zilizoungwa na kuwashwa kwa pamoja, wala si uwezo wa juu ulioandikwa kwenye kabati.

Tuchukue ukumbi wenye taa 60 za wati 1,000, yaani kilowati 60. Kwa asilimia 3, vififishi vitatoa kilowati 1.8 za joto. Kila wati moja ni sawa na BTU 3.412 kwa saa, kwa hiyo chumba kitapokea BTU zipatazo 6,140 kwa saa, karibu nusu ya uwezo wa kiyoyozi kinachouzwa madukani kwa jina la BTU 12,000. Kwa hesabu hiyo huongezwa umeme mdogo unaotumiwa saa zote na vidhibiti, na joto la transfoma kama imewekwa humo humo. Asiyetaka kiyoyozi, bali feni ya kutolea hewa, atahitaji lita 300 hivi za hewa kila sekunde ili hewa ya chumba isizidi ile iingiayo kwa zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi. Katika pwani yetu, ambako hewa ya mchana yaweza kuwa na nyuzi 32, na ambako vifaa vingi vya namna hii vimepangiwa kikomo cha nyuzi 40, nafasi iliyobaki ni ndogo.

Kilowati 58 na ushei zilizosalia hazikupotea. Zimo ukumbini, penye taa, na kiyoyozi cha ukumbi ndicho kinachopaswa kuzihesabu. Mkadiriaji atakayezitia katika chumba cha umeme atanunua mashine za BTU zaidi ya 204,000 ili apoze chumba cha BTU 6,000. Kinyume chake, vififishi vya ukinzani vya mzigo ule ule, taa zikiwa zimefifishwa kiasi, vingetoa kilowati zaidi ya 20.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ya wakati. Kififishi cha ukinzani hupata moto zaidi taa zikiwa katikati. Kififishi cha thairista hupata moto zaidi taa zikiwa zimewaka kwa ukamilifu, kwa kuwa hapo ndipo mkondo mkubwa unapopita mlangoni. Lipo jambo moja la kutahadhari: mkondo uliokatwakatwa huzaa mawimbi ya ziada, na taa zikiwa katikati waya wa nyutro waweza kubeba mkondo mkubwa kuliko waya wa fezi. Waya huo na transfoma huhitaji hesabu yao ya pekee.

Kosa la mfasiri

Miaka michache iliyopita mwandishi alipewa kazi ya kufasiri mwongozo wa wahudumu wa ukumbi mmoja uliokuwa umefanyiwa ukarabati. Maandishi ya asili yalikuwa mafupi. Akitaka kuwasaidia wasomaji, mwandishi alitafuta maelezo katika kitabu cha zamani cha umeme, akakuta kifaa kile kimeelezwa kuwa ni ukinzani. Akakiita kikinza cha taa. Kisha, kwa kuufuata mwelekeo wa jina hilo, akaongeza sentensi ambayo haikuwamo: kwamba kikinza hutoa joto zaidi taa zinapopunguzwa, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba kiwashwe wakati huo.

Wahudumu walitii. Taa zilipofifishwa waliwasha kiyoyozi. Zilipowashwa zote walikizima ili kuokoa umeme. Usiku wa sherehe kubwa, taa zote zikiwa juu na mlango wa chumba umefungwa, halijoto ilipanda, kinga za vififishi zikajikata, na ukumbi uliojaa watu ukawa giza. Hakuna aliyeumia, lakini kulikuwa na watoto na wazee, na ngazi zilikuwa nyingi.

Kesho yake fundi mkuu wa ukumbi, mzee aliyeanza kazi katika enzi za mabamba ya waya, alimwita mwandishi chumbani. Akawasha taa zote, akasema, "Mwanangu, weka mkono hapa penye tundu la hewa." Ilikuwa hewa ya moto. Akazififisha, wakangoja, hewa ikapoa. "Ulichoandika nilikifanyia kazi miaka mingi," akasema, "lakini si kwa mashine hii." Mwandishi hakuwa na la kujibu ila, "Nisamehe, mzee." Mwongozo ulisahihishwa wiki hiyo hiyo.

Juu ya jina

Kosa hilo halikutokana na kutojua lugha. Lilitokana na jina lililobeba maelezo ya ufundi uliokwisha kupita. Kufunika, kubana, kukinza, kubadili na kukatakata ni namna tano za kazi. Lililobaki palepale katika zote ni kusudi, yaani mwanga ufifie na urudi kwa amri ya mtu. Waingereza nao walikiita kifaa hiki kwa kusudi lake, na ndiyo maana jina lao halikulazimika kubadilika tangu enzi za mitungi ya chumvi.

Tukipima majina yanayosikika, rigyuleta limekwisha kushikwa na feni na mitungi ya gesi. Kipunguza mwanga laweza kuwa pazia. Dima hutumiwa na mafundi na halina ubaya wake, ila halizai: hatuwezi kupata kutoka kwalo kitenzi na jina la tendo bila kusitasita. Kififishi limetokana na fifia, kitenzi ambacho Mswahili hukitumia kwa mwanga na rangi bila kufundishwa. Limejengwa kwa kigezo kile kile kilichotupatia kivumishi na kiunganishi, nalo lina ndugu zake tayari: fifisha, fifishwa, ufifishaji.

Lakini jina la kusudi peke yake halimtoshi mkadiriaji wa joto. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba katika maandishi yote ya ufundi jina hilo liandamane na kivumishi cha namna ya kazi: kififishi cha ukinzani, kififishi cha transfoma, kififishi cha thairista. Jina litamwambia msomaji kifaa ni cha nini, na kivumishi kitamwambia joto lake litafutwe wapi na lini. Haja hiyo haijapungua. Leo taa za LED zinazitoa taa za nyuzi katika kumbi, mzigo unashuka sana, na nyingi kati yake zina kififishi ndani ya taa yenyewe. Joto linahama tena: linatoka katika chumba cha umeme na kwenda darini, penye taa. Atakayefasiri mwongozo wa taa hizo kwa kuufuata wa thairista atarudia kosa lililosimuliwa hapo juu.

Wahandisi, mafundi na wafasiri wanaombwa kulipima pendekezo hili, hasa wale wanaofanya kazi katika vyumba vyenyewe, na kuleta maoni yao.